Netiweki Iko Poa, Mbona Simu Bado Inakwama?

Chukua siku moja tu ya simu yako. Asubuhi uko kwa matatu ya Rongai, umelipa nauli kwa M-Pesa, lakini meseji ya kuthibitisha haijaingia na makanga anakuangalia kama mtu aliyepanda na nia mbaya. Saa nne uko kwa usaili wa kazi ya mtandaoni, ile ya kulipwa kwa dola, na katikati ya jibu lako tamu kabisa sauti inakatika. Ukirudi hewani, tayari wamehamia swali lingine. Jioni unacheza gemu, umemlenga adui kichwani, unafyatua, kumbe adui alishatoka hapo kitambo na wewe ndiye umelala chini. Halafu usiku, kwa simu ile ile na bando ile ile, unatazama vidio ya nusu saa YouTube na haikwami hata mara moja.

Netiweki ni moja. Mbona kila apu inateseka kivyake?

Wengi wetu tuna jibu moja kwa shida zote hizo: netiweki ni mbovu. Tunatukana kampuni ya simu, tunasogea karibu na dirisha, tunawasha hali ya ndegeni na kuizima. Na ni kweli, mara nyingi netiweki huwa mbovu. Lakini kuna msee mwingine hatumtukani kamwe na ana sehemu yake ya lawama: yule aliyeamua, kitambo kabla hujanunua hiyo simu, kwamba netiweki ikiyumba apu yako ifanye nini. Isubiri? Iruke? Irudie? Hakuna netiweki isiyoyumba, hata huko Marekani. Tofauti iko kwa uamuzi huo.

Uamuzi wenyewe umeandikwa ndani ya kitu kinaitwa itifaki. Neno unalijua. Mwanasiasa akishika maikrofoni kwa mazishi huanza na "itifaki imezingatiwa", yaani tunajua nani anatajwa kwanza, nani anafuata, na nani akirukwa patakuwa na kisirani. Kompyuta nazo zina itifaki zao: nani aanze kuongea, mwenzake ajibu vipi, na akinyamaza, tumngoje ama tumhesabu kuwa ameenda.

Bahasha bila risiti

Picha unayotuma haisafiri ikiwa nzima. Inakatwakatwa vipande vinavyoitwa pakiti, kila pakiti ikiwa na anwani yake. Itifaki ya chini kabisa, IP, haikuahidi chochote. Ni kama kumpa makanga wa basi la Kisumu bahasha bila risiti: pengine itafika, pengine itafika kesho, pengine itafika baada ya ile uliyotuma nyuma yake, pengine itabaki chini ya kiti. IP hujaribu tu, basi.

Juu ya IP ndipo uamuzi unapoingia. TCP huhesabu kila kitu inachotuma, inangoja upande wa pili useme "nimepata", na kilichopotea inakituma tena. Halafu kuna jambo ambalo watu husahau: kilichofika salama hakikabidhiwi apu mpaka kile kilichopotea mbele yake kipatikane. Foleni ni foleni. UDP nayo inarusha pakiti na kuendelea na maisha yake. Ikipotea, imepotea. Kama apu inajali, ijisaidie.

Ukisikia hivyo unaweza kufikiri TCP ni ya watu wazima na UDP ni ya wavivu. Vint Cerf na Bob Kahn walipochapisha mpango wao Mei 1974, itifaki ilikuwa moja na ilifanya kazi zote, kusafirisha na kuhakikisha. Walioona shida ya mpango huo mapema ni watu waliokuwa wakijaribu kupitisha sauti kwa mtandao wa ARPANET, akiwemo Danny Cohen. Hoja yao ilikuwa rahisi: sauti iliyochelewa haina kazi. Ukinipigia kelele "gari!" na neno linifikie baada ya sekunde mbili, likiwa safi kabisa bila doa, umenisaidia nini? Mwaka 1978 itifaki ile ikapasuliwa mara mbili, IP chini na TCP juu yake, ili anayetaka uhakika auchukue na asiyeutaka apite. Agosti 1980 Jon Postel akaandika UDP. Maelezo yote yalikuwa kurasa 3. CAT yako ya mwaka wa kwanza ilikuwa ndefu kuliko hiyo.

Kwa hivyo intaneti unayotumia leo ina umbo hili kwa sehemu kubwa kwa sababu apu moja, ya kuongea tu, ilikataa kuvalishwa nguo ya mwenzake.

Hesabu yenyewe ni hii. Sauti kwenye simu za intaneti kwa kawaida hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kila sekunde. Kimoja kikipotea, programu inaziba pengo kwa kukisia kutoka kwa kipande kilichotangulia, na sikio lako halishtuki. Ingekuwa TCP, kipande kimoja kikipotea vyote vilivyo nyuma vingesimama mlangoni vikingoja. Ungesikia kimya, halafu maneno yote yamwagike kwa mkupuo. Shirika la ITU linaweka milisekunde 150 za kwenda upande mmoja kama kiwango ambacho chini yake watu huongea bila tabu. Zikizidi sana ndipo nyinyi wawili mnaanza kuongea kwa pamoja, mnanyamaza kwa pamoja, "endelea wewe", "hapana, wewe endelea".

Mwaka 1984 Jerome Saltzer, David Reed na David Clark wa MIT walichapisha makala ambayo mpaka leo wajenzi wa mitandao huitaja kama vile mawakili wanavyotaja katiba. Mmoja wa mifano yao ni huu wa sauti. Wanasema mtandao wenyewe usihangaike kusafisha kila pakiti, kwa sababu mwisho wa laini kuna binadamu, na binadamu asiposikia huuliza. Yaani lile "ati?" lako ni sehemu ya itifaki. Naipenda sana hiyo.

YouTube inakupita vizuri kwa sababu haina haraka na wewe. Ule mstari wa kijivu unaokimbia mbele ya mwekundu ni akiba. Pakiti ikipotea kuna sekunde kadhaa za kuirudisha kabla macho yako hayajafika hapo, na mambo yakizidi kuwa mabaya inashusha ubora wa picha kimyakimya. Akiba hiyo ina bei yake. Ukitazama mpira kwa intaneti, jirani mwenye dishi hushangilia goli kabla hujaliona, kwa sababu wewe unatazama akiba na yeye anakaribia kutazama mechi.

Sasa ule usaili wako. Sauti ikikatika tunakimbilia kununua Mbps zaidi, na mara nyingi shida si Mbps. Ndugu yako chumba cha pili anapakua gemu ya GB 20, na ruta ya nyumbani imejipangia foleni ndefu kupita kiasi. Pakiti yako ndogo ya sauti iko nyuma ya malori, kama ambulensi kwa Mombasa Road saa kumi na mbili jioni. Ama uko kwa Wi-Fi ya ofisi ambapo mtu wa mitambo alifunga UDP "kwa usalama". Hapo apu ya simu inalazimika kupita kwa TCP, na yale yote ya foleni yanakurudia. Mwambie akufungulie njia, ama siku hiyo tumia bando yako mwenyewe.

Pesa haina "ati?"

Turudi kwa makanga. Pesa ni kinyume cha sauti. Ikichelewa dakika mbili ni kero. Ikipotea, ama ikienda mara mbili, ni kesi.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007 wengi walikuwa na kabambe, zile za mulika mwizi. Hakukuwa na apu ya kupakua. Menyu iliwekwa ndani ya laini yenyewe, na maagizo yakasafiri kwa SMS. Na SMS ni kitu cha ajabu ukiichunguza. Ilibanwa ndani ya ile njia ambayo simu hutumia kuongea na mnara kuhusu mambo yake ya ndani, nani yuko wapi, nani anapigiwa. Nafasi ilikuwa ndogo, baiti 140, ndiyo maana tukapata herufi 160 na kizazi kizima kikajifunza kuandika "xaxa". Lakini ina tabia moja ambayo pesa inaipenda: simu ya mpokeaji ikiwa imezima, kituo cha meseji kinaihifadhi na kujaribu tena baadaye. Inachelewa, ila haikati tamaa haraka.

USSD, hizi za kuanza na nyota kama *334#, ni mnyama tofauti. Ni mazungumzo ya papo kwa papo, herufi 182 kwa wakati mmoja, na hakuna kuhifadhi. Kikao kikikatika, umerudi mwanzo. Inafaa kwa menyu, inafaa kwa kuuliza salio, haifai kwa risiti. Angalia sasa kazi zilivyogawanyika: unauliza kwa USSD, risiti inakuja kwa SMS. Si teknolojia za kupendeza. Hakuna anayezipiga picha kuweka Instagram. Lakini kila kazi ilipewa kinachoifaa, kwa simu ya bei ya chini, chini ya mnara wa kijijini ambao stima ikipotea nao unakohoa. Kwangu mimi hapo kuna akili nyingi kuliko hotuba zote za "Silicon Savannah" nilizowahi kukalia.

Na hapo ndipo jibu la makanga liko. Pesa haiko ndani ya meseji. Pesa ilihama kwenye seva. Meseji ni barua tu ya kukujulisha. Kwa hivyo isipoingia usikimbilie kutuma tena. Angalia salio kwanza, hata kama abiria wote wameanza kukugeukia.

Apu nyingi za simujanja hazijafika hapo. Kuna moja, sitaitaja, nililipia tiketi ya tamasha mwaka jana. Nikabonyeza kulipa, kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikaniambia kuna hitilafu, jaribu tena. Nikajaribu tena kama nilivyoambiwa. Tiketi mbili, mtu mmoja, na kurudishiwa pesa kulichukua wiki tatu na barua pepe ambazo mama yangu asingependa kuzisoma.

Kilichotokea ni hivi. Ombi langu la kwanza lilifika na likashughulikiwa. Jibu ndilo lililopotea njiani. Sasa ukiwa upande wa simu, ombi kupotea na jibu kupotea ni kitu kimoja: kimya. Hakuna namna ya kuvitofautisha kwa kutazama tu. Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi. Kila ombi lipewe nambari yake kabla halijaondoka, na likirudiwa lije na nambari ile ile, ili seva iseme: huyu nilishamhudumia, mpeni jibu lake la kwanza. Mistari michache ya programu. Hawakuiandika kwa sababu kwa ofisi yao, kwa Wi-Fi yao, majibu hayapotei.

"Lakini si tunatumia TCP?" Hilo ndilo jibu utakalopewa na wengi wanaounda apu hizi. TCP inajua kwamba baiti zilifika kwa mashine ile. Haijui kama tiketi ilikatwa. Wale wazee wa MIT walikuwa na kisa cha kwao kuhusu hili. Mtandao wao ulikagua pakiti kila zilipovuka kutoka kifaa hadi kifaa, kwa hivyo watu wakastarehe wakijua kila kitu kiko salama. Kumbe kifaa kimoja katikati kilikuwa kinachanganya baiti ndani ya tumbo lake, mahali ambapo hakuna aliyekagua. Mafaili ya programu yakaharibika polepole, na ilibidi wengine waketi kuyalinganisha kwa mkono na karatasi zilizochapwa zamani. Ni apu peke yake, huko mwishoni, inayojua neno "imekamilika" lina maana gani.

Kuna itifaki moja inayoliweka jambo hili wazi kabisa, MQTT. Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper waliibuni mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako kila baiti ililipiwa. Ukituma ujumbe unachagua: ufike mara moja ama usifike kabisa, ufike kwa vyovyote, hata mara mbili, ama ufike mara moja tu, si zaidi. Kila ngazi inaongeza maongezi ya huku na huko, kwa hivyo inakula zaidi. Kipimajoto kinachotuma joto kila dakika kinachukua ya kwanza. Amri ya kufunga bomba haiwezi. Mwaka 2011 Facebook waliichukua kwa Messenger yao, kwa sababu walitaka meseji zifike haraka bila kumaliza betri. Itifaki ya mabomba ya mafuta ikaanza kubeba umbea.

Jamaa wa Quake

Gemu ni kitu cha tatu. Haiwezi kungoja kama pesa, na haiwezi kuweka akiba kama vidio, kwa sababu hakuna anayejua utabonyeza nini sekunde ijayo, hata wewe. Gemu inataka hali ya sasa tu. Ujumbe unaosema adui alikuwa wapi nusu sekunde iliyopita ni takataka ukishapata mpya, kwa hivyo kuutuma tena ni kuharibu bando.

John Carmack, mwandishi mkuu wa programu wa id Software kule Texas, alitoa gemu ya Quake katikati ya mwaka 1996. (Aliacha chuo, kama mimi. Sisemi chochote, nataja tu.) Kwa mtandao ilifanya kazi hivi: unabonyeza kwenda mbele, agizo linaenda kwa seva, seva inaamua umesonga, inakurudishia habari, ndipo unajiona ukisonga. Kwa ofisi yao ilikuwa moto. Kisha watu wakaipeleka nyumbani kwa modemu za laini ya simu. Bonyeza. Ngoja. Songa. Ilikuwa kama kuendesha gari kwa kumtumia dereva barua.

Agosti mwaka huo Carmack akaandika hadharani kwamba dhana yake ya msingi ilikuwa mbaya. Alikuwa amelenga miunganisho ya chini ya milisekunde 200, na watu karibu wote waliingia kwa modemu zilizochukua 300 na zaidi. Hakuwaambia wanunue laini bora. Alibadilisha gemu. Ikatoka QuakeWorld, Desemba 1996, ambapo kompyuta yako haingoji ruhusa: ukibonyeza unasonga papo hapo kwa kukisia, na seva inabaki kuwa refa. Kisio likikubaliana na refa, hujui hata kama kulikuwa na kisio. Likikosana, unavutwa nyuma ghafla. Ule mvuto unaokukasirisha leo kwa gemu za simu una zaidi ya robo karne.

Na kuna kitu hakuna bando itakununulia. Mwanga ndani ya kebo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt ni kama kilomita 6,300 ukinyoosha kwa rula. Hiyo ni zaidi ya milisekunde 60 kwenda na kurudi, kabla hujahesabu kwamba kebo hainyooki, inashuka Mombasa na kupinda kupitia Bahari ya Shamu. Seva ikiwa huko, adui unayemwona ni adui wa zamani kidogo, kila siku, hata na 5G. Ila tuwe na shukrani. Kabla kebo za TEAMS na SEACOM hazijatua Mombasa mwaka 2009, tulipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu, na safari ya kwenda na kurudi ilikula karibu nusu sekunde, kwa mwanga wenyewe tu. Muulize kaka yako mkubwa aliyekesha kwa saiba akingoja picha moja ifunguke kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari.

Ukitoka kwa Wi-Fi

Kurasa za wavuti zilidumu na TCP kwa miaka mingi, na ndoa haikuwa na amani. Ukurasa mmoja wa habari ni vitu vingi vidogo: picha, maandishi, matangazo, fonti. Picha haihitaji kungoja tangazo. Lakini ukivipitisha vyote kwa bomba moja la TCP, pakiti moja ya tangazo ikipotea, picha na maandishi yote yaliyokwisha kufika kwa simu yako yanasimama. Kisha kuna salamu. Kabla ya kuomba kitu chochote kwa usalama, TCP na usimbaji wa zamani vilisalimiana kwenda na kurudi mara tatu. Tuseme kila safari ni milisekunde 150: karibu nusu sekunde imeisha na hujaomba hata herufi moja. Ukiwa jirani na seva huoni. Ukiwa Kayole unaona.

Google ikaanza kuunda QUIC mwaka 2012, Jim Roskind akiwa mbunifu wake wa kwanza. Kila kitu cha ukurasa kina mfereji wake. Mmoja ukiziba mingine inaendelea. Salamu ni safari moja, na kama mlishakutana awali unaweza kuomba kitu papo hapo bila salamu kabisa. Jambo ninalolipenda zaidi ni la matatu. TCP inakutambua kwa anwani, kwa hivyo ukitoka nyumbani Wi-Fi ikaachia na data ikashika, anwani inabadilika na muunganisho unakufa. QUIC inaupa muunganisho nambari yake yenyewe. Anwani ikibadilika, nambari inabaki, mazungumzo yanaendelea. Aliyelifikiria hilo alifikiria mtu anayetembea.

Wangeweza kuunda itifaki mpya kabisa juu ya IP. Wengine walishajaribu, SCTP ya mwaka 2000 ilikuwa nzuri kwa karatasi. Lakini intaneti imejaa vifaa vya katikati vinavyojua TCP na UDP tu, na kitu kigeni kikipita vinakitupa. Kwa hivyo QUIC ikavaa koti la UDP, zile kurasa 3 za Postel, ikapita mlangoni.

Matokeo? Mwaka 2017 wahandisi wa Google walichapisha kwamba kukwama kwa vidio za YouTube kulipungua kwa asilimia 18 kwa kompyuta na asilimia 15.3 kwa simu. Hizo ni namba zao wenyewe, kwa hivyo zipokee jinsi unavyopokea hadithi za mvuvi, ingawa walizipima kwa watumiaji halisi. Mei 2021 QUIC ikawa kiwango rasmi cha IETF, RFC 9000, baada ya watu wa kampuni zingine na wa vyuo kuigeuza geuza kwa miaka.

Hapo ndipo nina kinyongo kidogo. Google iliweza kwa sababu ilimiliki ncha zote mbili, kivinjari huku na seva kule. Mahitaji yaliyosikika kwanza ni ya utafutaji na vidio, kwa sababu hiyo ndiyo biashara yao. Itifaki ya M-Pesa ilifuata kabambe kwa sababu wateja walikuwa na kabambe. Mahitaji ya apu yanaandikwa na aliye mezani. Oktoba 2015 Facebook walianza kuwapa wafanyakazi wao nafasi, kila Jumanne, ya kutumia apu kwa spidi ya 2G kwa saa moja, ili waonje wanachoonja wengine. Saa moja kwa wiki. Sisi tulikuwa huko wiki nzima na hakuna aliyetuuliza chochote.

Ila meza ya IETF iko wazi. Hakuna kadi ya uanachama, na RFC zote ni bure kusoma. Nilipoacha chuo hizo ndizo zilinifundisha, na hakuna hata moja iliyoniuliza kuhusu salio la karo. Anza na RFC 768, ile ya Postel. Utaimaliza kabla ya kushuka stejini.

Na kama wewe ni mmoja wa wale wanaounda apu, hasa ya malipo, jaribu hii wiki hii. Usitumie Wi-Fi ya ofisi. Chukua simu ya bei ya chini, panda matatu, ngoja mfike pale Thika Road ambapo netiweki huyumba. Bonyeza kulipa. Kiduara kikianza kuzunguka, washa hali ya ndegeni. Hesabu hadi 10, izime, bonyeza tena. Ukifika, fungua hifadhidata yako uone malipo ni mangapi.